Paka Aitaye kwa Kiganja: Maneki-neko na Tatizo la Kumtaja kwa Kiswahili

Kuna sanamu ndogo ya paka ambayo Wajapani huiweka mlangoni pa duka, juu ya kaunta ya kupokelea fedha au kwenye rafu ya mkahawa, ikiwatazama wapitao njiani. Paka huyo ameketi kitako. Mguu mmoja wa mbele ameushusha, na wa pili ameuinua hadi usawa wa sikio. Shingoni amefungwa ukanda mwekundu wenye kengele. Jina lake ni maneki-neko. Neko ni paka. Maneki limetokana na kitenzi maneku, ambacho maana yake ya kwanza ni kumwita mtu kwa ishara ya mkono. Ndani ya jina hilo, basi, mna kitendo. Lakini linapoletwa katika Kiswahili, na aghalabu huletwa kwa kupitia Kifaransa au Kiingereza, kitendo hicho hudondoka njiani, na anayetufikia ni "paka wa bahati" tu. Makala haya yanadai kwamba kilichodondoka ndicho kilichokuwa kiini cha sanamu yenyewe, na kwamba msemaji wa Kiswahili alikuwa na njia iliyo fupi zaidi ya kukifikia.

Njia hiyo ni mkono wake mwenyewe. Mtu wa Ulaya amtazamapo maneki-neko kwa mara ya kwanza hudhani kwamba paka anampungia mkono wa kwaheri, au anamwamkia kwa mbali. Kosa hilo lina sababu. Huko kwao, amwitaye mwenzake hugeuza kiganja juu na kuvuta vidole kuelekea kifuani. Japani kiganja huelekezwa mbele na chini, na vidole hukunjwa na kukunjuliwa kuelekea ardhini. Mtoto wa Lubumbashi, wa Bukavu au wa Unguja, anapoitwa na mama yake aliye ng'ambo ya ua, huona kiganja kile kile kilichogeuzwa chini na vidole vile vile vinavyochota hewa, naye huja mbio bila kuuliza maana yake. Tena hujifunza mapema kwamba kumwita mkubwa kwa kidole kimoja kilichoelekezwa juu ni utovu wa adabu. Kwa mtoto huyo paka wa Kijapani hana fumbo lolote. Anaita.

Hapa yafaa kukumbuka jambo alilolifundisha Ferdinand de Saussure katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake. Akizungumzia ishara za heshima, alitoa mfano wa Mchina aliyemsujudia mfalme wake mara tisa, akaeleza kwamba ishara kama hizo, hata zikionekana kuwa na maana ya asili ndani yake, hulazimishwa na kanuni ya jamii na si na thamani yake zenyewe. Kiganja kilichogeuzwa chini hakina mwito ndani yake kuliko kilichogeuzwa juu. Jamii mbili zilizo mbalimbali mno, bila kuambizana, zimekubaliana katika kanuni moja; na hilo si ajabu, kwani namna za kugeuza kiganja ni chache. Ajabu ni kwamba jamii moja kati ya hizo ilipotaka kufasiriwa sanamu ya nyingine, ilimwendea mfasiri ambaye kanuni hiyo hakuwa nayo. Watengenezaji wengine wa Japani, kwa kulijua kosa la wageni, walifikia hatua ya kutengeneza paka wa kuuzwa Marekani ambao kiganja chao kimegeuzwa nyuma, ili mnunuzi aelewe. Biashara iliona haraka kile ambacho tafsiri haijakiona.

Asili ya sanamu hii husimuliwa kwa visa kadha, na vitatu kati yake ndivyo mashuhuri. Kabla ya kuvieleza ni vema kusema kwamba vitu vya aina ya maneki-neko huitwa kwa Kijapani engimono, na neno engi lina tabaka tatu za maana. Katika mafundisho ya Kibudha ni kanuni isemayo kwamba kila kitu hutokea kwa kutegemea kingine. Halafu ni masimulizi ya asili ya hekalu fulani, jinsi lilivyoanzishwa na miujiza iliyotokea hapo. Mwisho, katika lugha ya kila siku, ni dalili ya jambo jema au baya litakalokuja. Kwa hiyo kitu na hadithi yake vimefungwa katika neno moja. Kumwita maneki-neko "hirizi", kama wengine wapendavyo, ni kumpoteza: hirizi huvaliwa na kufichwa, nguvu zake hutokana na maandishi yaliyoshonewa ndani yake, wala haihitaji kusimuliwa. Paka huyu yuko wazi mlangoni, ndani yake ni mtupu, na asiposimuliwa anabaki udongo uliopakwa rangi.

Kisa cha kwanza ni cha hekalu la Gotokuji, lililoko Setagaya katika Tokyo ya leo. Hekalu lilikuwa maskini, na kasisi wake alikuwa akigawana chakula chake na paka. Siku moja bwana Ii Naotaka, mtawala wa Hikone, alikuwa akirudi kutoka kuwinda kwa kipanga, akamwona paka huyo mlangoni akimwita kwa mguu. Aliingia kwa mshangao, na mara mvua ya radi ikamwagika. Alipokuwa akiingoja ikome alisikiliza mazungumzo ya kasisi, yakamgusa. Mwaka 1633 hekalu likawa hekalu la ukoo wa Ii, nalo likachukua jina lake la sasa kutokana na jina la Kibudha alilopewa Naotaka baada ya kufariki mwaka 1659.

Kisa cha pili ni cha mtaa wa Asakusa, katika mji huo huo uliokuwa ukiitwa Edo. Bibi kizee aliyebanwa na umaskini alilazimika kuachana na paka wake. Paka alimjia ndotoni, akamwambia atengeneze sanamu yake kwa udongo. Alifanya hivyo kwa udongo wa Imado, ambako wafinyanzi walikuwa wakifanya kazi, na sanamu zikanunuliwa kwa wingi. Kisa hiki, tofauti na vingine, kina ushahidi wa kando. Kumbukumbu za mji wa Edo zinamtaja bibi wa Asakusa na paka wake chini ya mwaka 1852, na mwaka huo huo mchoraji Utagawa Hiroshige alichora picha ya mtaa wenye wachuuzi, ambamo kibanda kimoja kinauza paka wa aina hiyo. Msomaji asiyeridhika na hadithi tupu ana hapa mahali pa kukanyaga.

Kisa cha tatu ndicho kikali. Usugumo alikuwa kahaba wa daraja la juu katika mtaa wa Yoshiwara, naye alimpenda paka wake kupita kiasi. Usiku mmoja paka aling'ang'ania vazi lake, akamvuta na kukataa kumwachia apite. Waliokuwapo waliingiwa na hofu, kwani katika masimulizi ya Japani paka aliyezeeka huweza kugeuka zimwi lenye kumdhuru bwana wake. Mwenye nyumba akachomoa upanga, akamkata kichwa. Kichwa kikaruka hadi darini, kikamuuma na kumwua nyoka aliyekuwa amejificha huko akimvizia mwanamke. Ili kumfariji, mteja wake mmoja alimletea sanamu ya paka iliyochongwa kwa mti.

Wafasiri wengi huviweka visa hivi pamoja chini ya kichwa kimoja, yaani shukrani ya paka kwa aliyemlisha, kisha huendelea na safari. Kichwa hicho si cha uongo, lakini ni kizito mno upande wa tabia na chepesi upande wa ishara. Visa vyote vitatu vinaeleza jinsi ishara inavyosomwa. Kwa Naotaka mnyama anafanya ishara, mgeni anaisoma sawasawa, anaokoka. Kwa bibi wa Asakusa ishara haitoshi, hata inambidi paka atumie maneno, tena ndotoni, mahali pekee ambapo paka huweza kusema bila kushangaza. Kwa Usugumo ishara inasomwa kinyume: mnyama aliyekuwa akionya anachukuliwa kuwa ndiye hatari yenyewe, na fasiri hiyo mbaya inamgharimu kichwa. Si bure kwamba kisa hicho ndicho kinachoachwa kwanza katika vijitabu vya watalii. Kinaharibu uso wa tabasamu. Lakini bila hicho maneki-neko hana uzito, kwa sababu ni hicho kinachokumbusha kwamba anayeitwa huweza kukosea, na kwamba kosa lake humwangukia mwitaji.

Kitenzi chenyewe kinaunga mkono fasiri hii. Maneku hutumika Japani pasipo mkono wowote, tena kwa mabaya kama kwa mema: mtu huweza "kuita" msiba, na maneno yasiyopimwa huweza "kuita" kutoelewana. Kiswahili kinaifahamu fikra hiyo. Atajaye kifo mbele ya mgonjwa huambiwa anachuria, na uchuro wake huhesabiwa kuwa ni aina ya mwito. Imani ya zamani zaidi kuhusu paka nayo ilihusu mgeni na si fedha. Mwandishi wa China, Duan Chengshi, katika karne ya 9, aliandika kwamba paka anaswapo uso mpaka akapitisha mguu nyuma ya sikio, mgeni atakuja. Huenda mguu ulioinuliwa wa sanamu ni mguu huo huo unaonawa uso. Kwa vyovyote, aliyengojewa mwanzoni alikuwa ni mtu.

Sarafu ilikuja kumkalia paka kifuani. Sanamu nyingi za leo, hasa zile za Tokoname katika mkoa wa Aichi, mji uliojipatia umbo lake la paka mnene mwenye macho makubwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hushika koban, sarafu ya dhahabu yenye umbo la yai iliyotumika zama za Edo. Koban ya kweli ilikuwa na thamani ya ryo moja. Juu ya ile ya paka huandikwa ryo milioni 10. Hakuna mnunuzi anayedanganyika, na mzaha huo una haiba yake. Lakini Wajapani wanayo pia methali isemayo "koban kwa paka", yaani kumpa kitu cha thamani asiyejua thamani yake. Mnyama yule yule ambaye lugha imemfanya kielelezo cha kutoijua fedha ndiye aliyepewa kazi ya kuikumbatia. Je, mtengenezaji wa kwanza aliyemtia koban mkononi alikuwa akicheka? Yaelekea alikuwa akicheka, na yaelekea pia wanunuzi wamekwisha kuusahau mzaha.

Gotokuji hawakuusahau. Paka wa hekalu hilo huinua mguu wa kulia, na hawana sarafu. Maelezo ya hekalu ni kwamba paka haleti mali. Huleta en, na mali, kama itapatikana, itategemea jinsi mtu atakavyoitumia en hiyo. Neno en ndilo lile lililomo katika engi. Ni kiungo kati ya mtu na mtu, ni kule kukutana kunakozaa mengine. Atakaye huweka nadhiri mbele ya sanamu, na ombi lake likitimia huirudisha hekaluni, hata rafu zimejaa paka weupe kwa maelfu, wakubwa kwa wadogo, wote wakiwa wameinua mguu. Hatua chache kutoka hapo yamo makaburi ya ukoo wa Ii, na miongoni mwake kaburi la Ii Naosuke, waziri mkuu wa serikali ya shoguni, aliyeuawa mwaka 1860 nje ya lango la Sakurada la ngome ya Edo. Paka alimwita babu kutoka katika mvua. Hakuahidi chochote kuhusu wajukuu.

Kuhusu mguu upi huita nini yamesemwa mengi, na mengi hayana uzito. Kwa kawaida wa kulia huita fedha na wa kushoto huita wateja, lakini kuna mahali ambapo mambo hugeuzwa. Tengenezo lenye miguu yote miwili juu halipendwi na wengine, kwa kuwa neno oteage, kuinua mikono, lina maana ya kushindwa kabisa, na mfanyabiashara hapendi kulitaja hilo dukani mwake. Rangi nazo zina orodha yake: mweusi hufukuza maovu, mwekundu maradhi, na kadhalika. Orodha hizo hukua kila zinaponakiliwa. Lililo na faida zaidi kwa mwanaisimu ni jinsi mapokeo haya yanavyoishi kwa mchezo wa sauti. Sikukuu ya maneki-neko huadhimishwa tarehe 29 Septemba kwa sababu tarakimu 9, 2 na 9 huweza kusomwa kuru fuku, "heri yaja". Huko Osaka, katika hekalu la Sumiyoshi, waumini huchukua paka mdogo wa udongo katika siku ya kwanza ya Joka ya kila mwezi. Mwezi usiogawika kwa mbili hutoa paka wa mguu wa kushoto, na ugawikao hutoa wa kulia. Afikishaye paka 48, yaani baada ya miaka minne, hubadilishiwa kwa paka mkubwa zaidi. Kwa nini 48? Kwa sababu arobaini na nane za Joka, zikitamkwa kwa Kijapani, husikika sawa na maneno yenye maana ya "kuendelea daima". Subira ya miaka minne imejengwa juu ya mfanano wa matamshi.

Ikilinganishwa na subira hiyo, sanamu ya plastiki yenye rangi ya dhahabu, ambayo mkono wake hutikiswa na betri au na nuru ya jua, ni hasara. Hiyo ndiyo iliyoenea katika maduka na mikahawa ya Wachina duniani, hata watu wengi hudhani kwamba paka ni wa China. Uhamisho huo si kosa, vitu husafiri. Hasara iko katika mkono. Paka wa udongo amenaswa katikati ya tendo: ameinua mguu na hajaushusha, na apitaye ndiye anayeukamilisha mwito kwa kugeuka. Mkono wa betri huita usiku kucha duka likiwa limefungwa. Huita ukuta. Mwito usio na mwitwa umekuwa mwendo tu, na mtazamaji aliyezoea mwendo huo ndiye anayeridhika na jina la "paka wa bahati", kwani kwake hakuna tena anayeitwa.

Sasa jina. "Bahati" ni neno lililotoka Uajemi na kupitia Kiarabu, nalo halina upande: kuna bahati njema na bahati mbaya, na mtu huweza kuilaumu. Fuku, ambayo ndiyo wafanyabiashara wa Japani wanayotaka ije, haiwezi kuwa mbaya. Iko karibu zaidi na heri au neema. Tena mchuuzi wa Kiswahili anapofungua kibanda alfajiri haendi kutafuta bahati, huenda kutafuta riziki, na riziki yake hufika kwa miguu ya mteja. Kwa hiyo neno "bahati" limeshindwa mara mbili: limekiondoa kitenzi, na nomino lililoiweka mahali pake si yenyewe.

Vitenzi vya Kiswahili vinavyoweza kuijaza nafasi hiyo ni vichache, na kila kimoja kina mpaka wake. "Kukaribisha" kunavutia, lakini karibu ni jibu. Hutanguliwa na hodi. Humpokea aliyekwisha kufika na kujitangaza. Paka wa Gotokuji alimwita mtu aliyekuwa akipita na hakuwa na nia ya kubisha. "Kualika" kunadai jina na siku: mwalikwa anajulikana, na karamu yake imepangwa. Maneki-neko hamjui amwitaye. "Kupunga" kungetoa picha ya mkono, ila msikilizaji angekumbuka kupunga pepo, na mwenye duka angekuwa na mengi ya kueleza. Kinabaki kitenzi cha kawaida kuliko vyote, kuita. Atakayepinga kwamba kuita ni kwa sauti atakumbushwa kwamba Kiswahili husema bila taabu kumwita mtu kwa mkono, na hata kwa jicho. "Paka mwitaji" ni jina fupi, lina kitenzi ndani yake kama lilivyo la Kijapani, na linaacha wazi swali la nani anaitwa na kwa lipi.

Katika Kongo, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa na Kifaransa ndicho lugha ya elimu ya juu, suala hili linamhusu kila mwanafunzi anayetafsiri. Vitu vya dunia humfikia vikiwa vimekwisha kutajwa kwa lugha nyingine, naye hutafsiri jina bila kukitazama kitu. Angelikitazama kitu hiki mara moja tu, mkono wake ungalimpa jina kabla ya kamusi.

Limebaki swali dogo la sarufi, ambalo waandaaji wa kamusi watalazimika kulijibu. Paka ni mnyama na hupatanishwa kama mtu: paka ameanguka, paka wangu. Huyu ni wa udongo. Akidondoka kutoka kwenye rafu, je, paka mwitaji amevunjika, au imevunjika? Kijapani hakisitisiti hapa: paka aliye hai katika chumba hutajwa kwa kitenzi iru, kilichotengwa kwa viumbe, na sanamu yake kwa kitenzi aru, cha vitu. Kiswahili cha mazungumzo kinaelekea kusema amevunjika.